Tembe na Pora Siku ya Kuanguliwa

Koo aatamiapo nyuma ya jiko huko Molo, wilayani Tororo, mwenyewe hungoja siku 21 vifaranga watoke, kisha hungoja tena majuma kadha wa kadha, hata upanga uanze kuwiva kichwani, ndipo ajue yupi ni tembe wa kuwekwa kwa mayai na yupi ni pora wa kupelekwa sokoni Malaba au Busia. Muda wote huo wamekula mtama sawasawa, na katika nyumba ambayo mtama huo huo ndio riziki ya watoto, hasara hiyo si haba.

Baadhi ya wafugaji wamekwisha kuona masanduku ya vifaranga wa siku moja wa kuku wa mayai wa rangi ya kahawia, ambao hutengwa kwa rangi tu tangu wakianguliwa: majike wa kahawia, madume weupe. Lakini alama ile hutokana na kuchanganya jogoo mwekundu na koo mweupe wa ukoo maalumu, na wakizaana wao kwa wao hupotea. Basi mfugaji hana budi kununua upya kila mara.

Siri ya alama hiyo ni hii. Kwa ndege, mama ndiye aamuaye jinsia, kwani jogoo ana kromosomu mbili za aina moja, ziitwazo Z, na mtetea ana moja tu, pamoja na nyingine iitwayo W. Z ya mama huwaendea wana wa kiume peke yao, na binti hupata yake kwa baba. Kwa hiyo rangi ikaayo juu ya Z hufuata njia hiyo hiyo. Marara, yaani ile milia myeupe ikatayo manyoya meusi, ni rangi ya namna hiyo: koo wa marara akipandwa na jogoo mweusi asiye na marara, vifaranga wenye baka jeupe utosini ni madume, na wasio nalo ni tembe. Elimu hii haigharimu hata shilingi, si ya Uganda wala ya Kenya, nami naona ni dhuluma kwa mfugaji mdogo kuikosa.

Hata hivyo alama hii nayo hudumu kizazi kimoja. Aliyevuka mpaka huo ni mwanasayansi Reginald Punnett wa Cambridge, ambaye wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alikuwa ameshauri alama za rangi zitumike kuwatenga madume mapema ili chakula kisipotee. Mwishoni mwa miaka ya 1920, yeye na mwenzake Michael Pease walichanganya Plymouth Rock wa marara na Campine wa dhahabu, wakagundua kwamba juu ya malaika ya kahawia ya kifaranga marara hujidhihirisha kwa kipimo: jogoo, mwenye vipimo viwili, hutoka amefifia, na jike, mwenye kimoja, hubaki na mistari dhahiri mgongoni. Wakapata ukoo ulioitwa Cambar, kisha mwingine ulioitwa Legbar. Na kwa kuwa kila dume ana vipimo viwili na kila jike kimoja, alama hairudi nyuma, hata wazaane wao kwa wao daima.

Kuku wetu wa kienyeji hawakosi mali hiyo, maana miongoni mwao wamo wa marara, na wamo ambao vifaranga wao huzaliwa na mistari ya kahawia mgongoni. Jogoo wa marara akipewa majike wa namna hii ya pili, kisha wana wao wa marara wakazaana, baadhi ya wajukuu wa kiume watakuwa na vipimo viwili. Kazi iliyobaki ni kuchagua kwa subira. Kinachoiharibu ni majogoo wa jirani, wanaozurura bila kizuizi. Kwa sababu hiyo majike wafungiwe pamoja na jogoo aliyeteuliwa majuma matatu kamili kabla ya yai la kwanza kuwekwa kiotani, kwani mbegu ya jogoo aliyetangulia huweza kukaa mwilini mwa kuku siku nyingi baada ya mwenyewe kufukuzwa.