Drili kuukuu zisiuzwe kwa kilo

Miongoni mwa mali zinazodharauliwa sana katika shule zetu ni ile mashine ya kutobolea chuma na mbao isimamayo juu ya nguzo, ambayo katika makala haya tutaiita drili ya kusimama. Ukibahatika kuingia katika ghala la shule iliyowahi kufundisha ufundi wa vyuma, yamkini utaiona pembeni imefunikwa na vumbi, mkanda umekatika, meza imeota kutu na nyaya za umeme zinaning'inia. Siku ghala linapohitajika kwa magunia ya maharagwe, mashine hiyo hutolewa nje, ikapimwa kwa mizani na kuuzwa kama chuma chakavu. Mnunuzi huulipia uzani wake tu. Kazi ambayo ingali inaweza kufanya haina bei.

Maoni yangu ni kwamba drili nyingi za zamani hazijafa, bali zimekosa wa kuzitazama. Mwalimu mwenye subira, au mwanafunzi aliye chini ya uangalizi wake, aweza kuihuisha moja kwa gharama isiyo kubwa na kujifunza mengi katika kufanya hivyo. Hata hivyo, kuihuisha mashine ya kale bila kuipa kinga ambayo haikuwa nayo tangu mwanzo ni kumtegea mtumiaji mtego. Mambo hayo mawili hayatengani.

Itakumbukwa kwamba mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka wa 1985, nia yake mojawapo ilikuwa kumpa mwanafunzi ujuzi wa mikono. Wazazi walichanga fedha, karakana zikajengwa na vifaa vikanunuliwa. Baadaye mzigo wa masomo ulipunguzwa, masomo ya ufundi yakabaki katika shule chache, na milango ya karakana nyingi ikafungwa. Sasa gurudumu limezunguka tena. Mnamo Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10, na masomo ya kiufundi ni miongoni mwa yale wanayoweza kuchagua. Je, ni busara mkono wa kushoto uuze mashine kwa kilo ilhali mkono wa kulia unanyooshwa kuomba fedha za kununua nyingine?

Yafaa kwanza tuelewe kwa nini mashine hii hudumu. Kitako, meza na kichwa chake ni vya chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Chuma cha aina hii ni kizito, nacho humeza mtetemo ambao ungeifanya biti icheze na tundu lipotoke. Ndani ya kichwa mna mhimili unaozunguka katika beringi, na mhimili huo hupata mwendo kutoka kwa mota kupitia mkanda na puli zenye ngazi. Chini yake kuna kinywa chenye taya tatu zinazoikamata biti. Kinywa hicho kilibuniwa na Mmarekani Arthur Jacobs, aliyepewa hataza yake mwaka wa 1902. Biti zenye mikondo iliyosokotwa ni za zamani zaidi, kwani Stephen Morse, naye Mmarekani, alizipatia hataza mwaka wa 1863. Kwa hivyo drili iliyotengenezwa Uingereza katika miaka ya 1950 hufuata kanuni zile zile za ile iliyotoka kiwandani mwaka jana. Kilichochakaa ndani yake ni sehemu chache tu zilizoumbwa zichakae: beringi, mkanda, swichi na nyaya.

Atakaye kuinunua mashine kama hiyo kwa ajili ya karakana yake ya nyumbani na aichunguze kabla ya kutoa senti yake. Atafute ufa katika kitako, meza na kichwa, kwa sababu chuma cha kusubu kikipasuka ni kigumu kuchomelea. Kisha aushike mhimili kwa mkono na kuutikisa kushoto na kulia. Ukicheza kidogo kwa sababu ya beringi, hiyo si kasoro kubwa, maana beringi hubadilishwa. Lakini ikiwa ile ala ya chuma inayoubeba mhimili na kuushusha imelegea katika tundu lake la kichwani, dawa yake ni ghali kuliko mashine. Mwisho, akaze kipande cha chuma kilichonyooka katika kinywa na kuuzungusha mhimili polepole. Ncha ya chuma hicho ikichora duara hewani, basi kuna kilichopinda, na ni lazima ajue kama ni kinywa kinachoweza kubadilishwa au ni mhimili wenyewe.

Baada ya hapo huja kazi ya kutu. Kutu ya juu juu huondoka kwa mafuta ya taa, brashi ya waya na msasa laini. Lakini rangi ya zamani isisuguliwe ikiwa kavu, kwa kuwa rangi nyingi za miaka hiyo zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Kutu iliyokita mizizi ina dawa ambayo mwalimu wa kemia ataifurahia, na kiungo chake kikuu tunacho hapa hapa nchini. Magadi yanayotoka Ziwa Magadi, katika Kaunti ya Kajiado, yakiyeyushwa katika maji huyafanya yapitishe umeme. Kipande chenye kutu hutumbukizwa katika ndoo ya plastiki yenye maji hayo na kuunganishwa na waya hasi wa chaja ya betri ya volti 12. Waya chanya huunganishwa na bapa la chuma cha kawaida kisicho na thamani, navyo viwili visigusane. Baada ya saa kadhaa kutu huwa imelainika na kuachia. Kipande hicho huoshwa, hukaushwa papo hapo na kupakwa mafuta, la sivyo kutu mpya itaota siku iyo hiyo.

Kazi hiyo ina masharti yasiyovunjwa. Hufanyiwa nje penye hewa, mbali na moto, kwa sababu hutoa gesi ya hidrojeni ambayo hulipuka. Chaja huzimwa kabla ya mtu kutia mkono ndani ya ndoo. Chuma kisichoshika kutu, kama cha vijiko na sufuria, kisitumiwe upande wa chanya, kwa kuwa huweza kuacha sumu ya kromiamu majini. Wala puli za alumini zisitiwe humo, maana maji ya magadi huila alumini.

Kuhusu beringi, hapa ndipo msomaji atakapoona faida ya viwango vya kimataifa. Beringi nyingi huchorwa nambari ubavuni. Ile iliyoandikwa 6204 ina tundu la milimita 20, kipenyo cha nje cha milimita 47 na unene wa milimita 14, iwe imetengenezwa Japani au Ujerumani. Kwa hivyo fundi huweza kuichomoa beringi ya nusu karne iliyopita na kupata mwenzake katika maduka ya vipuri ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi. Ila atahadhari kwamba baadhi ya mashine kongwe za Uingereza na Marekani zina beringi za vipimo vya inchi. Asipoona nambari, apime kwa makini na asilazimishe. Na anapoingiza beringi mpya mhimilini, apige au asukume pete ya ndani tu, kamwe asipige ile ya nje, la sivyo ataiharibu kabla haijazunguka hata mara moja.

Umeme ndio unaohitaji hadhari kubwa zaidi. Drili nyingi zilizotengenezewa viwanda na karakana kubwa zina mota ya umeme wa fezi tatu, hali nyumba zetu hupata umeme wa fezi moja wa volti 240. Mwenye karakana ana njia mbili. Aweza kufunga mota nyingine ya fezi moja. Aweza pia kununua kifaa cha elektroniki kinachopokea umeme wa fezi moja na kutoa wa fezi tatu, mradi mota yenyewe inaweza kuunganishwa kwa volti 240. Kifaa hiki kina fadhila ya ziada, nayo ni kwamba kasi huongezwa au kupunguzwa kwa kuzungusha kitufe. Kwa vyovyote vile, nyaya za kale ambazo mpira wake umekauka zing'olewe zote, waya wa ardhi uunganishwe na mwili wa mashine, na kazi hiyo ikaguliwe na fundi wa umeme mwenye leseni.

Mwalimu wa hisabati naye asikae kando. Biti ya kutobolea chuma laini hupendelea ukingo wake usafiri takriban mita 25 kwa dakika. Biti ya milimita 12 ina mzingo wa karibu milimita 37.7. Ukigawanya milimita 25,000 kwa 37.7 utapata mizunguko kama 660 kwa dakika. Mota yetu huzunguka karibu mara 1,400. Basi puli ya milimita 50 kwenye mota na ya milimita 100 kwenye mhimili zitakupa mizunguko 700, ambayo yatosha kabisa. Biti ya milimita 6 hutaka mara mbili ya hiyo. Mwanafunzi aliyekariri uwiano darasani bila kujua faida yake ataiona hapa, kwa sababu akikosea hesabu biti itatoa moshi na kupoteza makali mbele ya macho yake.

Sasa nirejelee ule mtego niliotaja. Watengenezaji wa zamani waliijenga mashine imara wakasahau kumkinga mtumiaji. Maboresho ya kwanza basi yasiwe rangi inayong'aa, bali kinga. Mkanda na puli zifunikwe. Swichi iwe ya namna ile inayobaki imezimika umeme unaporudi baada ya kukatika. Sisi tulio na mazoea ya kukatikiwa na umeme tunaielewa hatari ya mashine inayoamka ghafla wakati mtu ameinama kuondoa vipande vya chuma. Kitufe chekundu cha kusimamisha kiwekwe mahali kinapofikika kwa haraka. Kitu kinachotobolewa kikazwe katika jiliwa au kifungwe mezani, kwa kuwa biti ikikwama itakizungusha kama panga. Ufunguo wa kinywa usiachwe kamwe mahali pake baada ya kukaza. Miwani ya kinga ivaliwe, lakini glavu, tai, mikono mirefu iliyolegea na nywele zisizofungwa zikae mbali na mhimili. Wahenga waliposema kikulacho ki nguoni mwako hawakuwa wakiifikiria drili, lakini hapa usemi huo una ukweli wake.

Wapo watakaoniuliza, ya nini taabu yote hii na drili ndogo mpya zimejaa madukani? Swali hilo ni la haki. Anayehitaji kutoboa mbao nyepesi kesho asubuhi na aende dukani. Na si kila mashine kongwe inayostahili kuokolewa, kwani yenye ufa kichwani au ala iliyolegea iende kwa wanunuzi wa chuma chakavu bila majuto. Lakini drili ndogo za bei nafuu huwa nyepesi, nguzo zake nyembamba, na zikipewa chuma kinene hutetemeka. Isitoshe, anayenunua mashine mpya hupata mashine, bali anayefufua kuukuu hupata mashine na maarifa ya kuitunza. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Nina ombi kwa makundi matatu. Wakuu wa shule, kabla ya kuiidhinisha drili iuzwe, mwiteni mwalimu wa ufundi aichunguze na kuandika hali yake, kwa sababu mali ya umma huondolewa kwa utaratibu wa Sheria ya Ununuzi na Uuzaji wa Mali ya Umma ya mwaka wa 2015, wala si kwa kauli ya mlinzi wa ghala. Walimu, atakaye mashine ya shule kwa karakana yake ya nyumbani na ajiulize kwanza kama wanafunzi hawaihitaji kuliko yeye. Nanyi wanafunzi, mkiikuta mashine yenye kutu, msiicheke. Ombeni ruhusa, ulizeni ilivyofanya kazi, tafuteni nambari ya beringi yake. Achanikaye kwenye mpini hafi njaa, na taifa linalotaka viwanda haliwezi kuvijenga kwa vijana ambao hawajawahi kuushika mpini huo.