Nyumba ya Lutindi

Watoto wa Mapinga wanaijua njia iendayo Bagamoyo. Zamani misafara ilitoka bara, mwendo wa miezi, ikaleta pembe na watumwa mpaka pwani hiyo. Mwaka 1868 mapadre wa Roho Mtakatifu walijenga misioni Bagamoyo, wakalea watoto waliokombolewa utumwani. Na huko milimani Usambara, upande wa Korogwe, Waprotestanti wa Ujerumani walifanya kazi iyo hiyo: mwaka 1896 walifungua Lutindi nyumba ya watoto waliokombolewa.

Kadiri biashara ya watumwa ilivyofifia, watoto wa kuletwa walipungua. Lakini walikuwako watu wengine katika minyororo, nao ni wagonjwa wa akili. Mtu akipatwa na wazimu, jamaa zake walimpeleka kwa mganga apungwe pepo. Asipopona, na akawa anapiga watu au kutia nyumba moto, walimfunga mguu kwa gogo. Wengine mijini walitiwa gerezani pamoja na wezi, nao hawakuiba kitu. Tusiwahukumu upesi jamaa wale. Waliogopa, wala hawakuwa na mahali pengine pa kumpeleka ndugu yao.

Hata mwaka 1904 Lutindi ikageuzwa kuwa nyumba ya wagonjwa hao, ya kwanza ya namna hiyo katika nchi iliyoitwa baadaye Tanganyika. Hospitali ya Mirembe, Dodoma, ilifunguliwa mwaka 1927.

Siku zile dawa zenye nguvu za maradhi ya akili hazikuwako. Zilipatikana baada ya mwaka 1950. Basi, Lutindi walitibu kwa nini? Kwa kazi. Walifuata mfano wa Bethel, karibu na Bielefeld, Ujerumani, ambako tangu mwaka 1867 wenye kifafa walitunzwa. Mgonjwa hakuachwa aketi kutwa akitazama ukuta. Alishika jembe pamoja na wenziwe. Jambo hili si dogo kama lionekanavyo, kwa maana kazi humpa mtu saa ya kuamka na saa ya kulala, na jioni huona kwa macho yake tuta alilolilima. Ni kweli, kazi yaweza kugeuka utumwa tena, msimamizi akisahau ni kwa faida ya nani.

Leo Lutindi ni ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki. Dawa zipo, na kazi za mikono zingalipo. Tabu kubwa ni ile ya kurudi nyumbani. Mgonjwa hupata nafuu, lakini akifika kijijini watoto humzomea, na jamaa huogopa kumpa hata shamba. Akiacha kumeza dawa kwa aibu, ugonjwa hurudi.

Kwa hiyo wako walioanzia kijijini penyewe. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda, wa Harare, Zimbabwe, alianza kazi na bibi wazee 14, akawafundisha kuwasikiliza wenye huzuni. Bibi huketi na mtu juu ya benchi la mbao nje ya zahanati. Katika tabu zake nyingi huchagua moja, wakatafuta pamoja njia ya kuikabili. Benchi haliponyi wazimu mkali. Mgonjwa wa namna hiyo angali anahitaji hospitali. Ni la wale ambao Washona huwaambia wana kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Mabenchi hayo yamekwisha kuvuka bahari, yakafika Unguja.