Gitega: Baridi ni ya Hewa au ya Watu?

Familia inayohamishwa kutoka Bujumbura kwenda Gitega hugundua jambo la kwanza kabla haijamaliza kufungua mizigo: kwamba blanketi zake hazitoshi. Bujumbura imelala ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, katika mwinuko wa mita 800 hivi, na usiku wake mtu hujifunika shuka moja akalala. Gitega iko juu, katika nyanda za kati za Burundi, na mwinuko wake unakaribia mara mbili ya huo. Mwezi Juni na Julai ukungu hukaa mabondeni hadi jua limepanda. Jambo la pili hugunduliwa na mama wa nyumba siku ya tatu au ya nne, anapokwenda sokoni peke yake. Hurudi na kikapu kimejaa, bei zilikuwa za haki, hakuna aliyemtukana wala kumsukuma. Lakini humwambia mumewe kwamba watu wa mji huu hawasemi.

Malalamiko hayo yamerudiwa mara nyingi tangu Gitega ilipofanywa kuwa mji mkuu wa siasa. Rais Pierre Nkurunziza alitangaza uamuzi huo mwezi Desemba 2018, na Bunge likaupitisha Januari 2019. Bujumbura ikabaki kuwa mji wa biashara. Ofisi hazikuhama zote kwa mkupuo mmoja. Wapo watumishi waliokuja na familia nzima, na wapo waliokuja na sanduku moja tu, wakaacha mke na watoto Bujumbura kwa tumaini la kurudi kila Ijumaa. Uhaba wa mafuta ya magari uliofuata baadaye uliwafundisha hao wa pili hesabu nyingine. Safari ya kilomita mia moja hivi, inayopanda milima hadi Bugarama na kupitia Muramvya, iligeuka kuwa ya mara moja kwa mwezi, na mke aliyebaki akaanza kuuliza maswali yasiyohusu mafuta.

Mimi ni mmoja wa waliohamia, na ni mzaliwa wa Buyenzi. Msomaji anayeijua Buyenzi hana haja ya kuelezwa. Kwa asiyeijua, yatosha kusema kwamba huo ni mtaa wa Bujumbura ambamo Kiswahili husemwa mlango kwa mlango, na mtu akipita mbele ya baraza lako bila kukuuliza umeamkaje, watoto je, na yule mgonjwa wenu anaendeleaje, basi elewa kwamba ana ugomvi nawe. Mtu aliyelelewa hivyo akifika mahali ambapo jirani humwambia "Bwakeye" kila asubuhi na kuishia hapo, lazima ajiulize amekosa nini.

Uzuri wa mahali hauna ubishi. Hata wale wanaolalamika kwamba wenye nyumba walipandisha kodi mara tu waliposikia habari za mji mkuu, ukiwauliza juu ya mandhari husema ni mazuri. Vilima vimepangana hadi macho yanapochoka, migomba imezunguka nyumba, mikaratusi imesimama kandokando ya njia, na baada ya mvua hewa huwa safi kiasi cha mtu kuhesabu mapaa ya kilima cha mbali. Kuna Mushasha na Kanisa Kuu lake la Kristo Mfalme. Kuna Makumbusho ya Taifa, yaliyoanzishwa mwaka 1955, ambayo ni madogo lakini mtoto wa shule hatoki humo bila swali. Na mwendo wa kilomita chache kutoka mjini kuna kilima cha Gishora, patakatifu pa ngoma za kifalme, panaponasibishwa na Mwami Ntare Rugamba wa karne ya 19. Ngoma hizo ziliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Wake wa askari wawili au watatu wamepata kuniuliza kama binti zao wangeweza kujifunza kuzipiga. Amri ya Rais ya mwaka 2017 iliutenga upigaji huo kwa wanaume, na wanawake wakaachiwa ngoma zao za kucheza. Mabinti wanaweza kwenda kutazama, na kutazama kwenyewe si haba.

Ni watu, basi, wanaogawanya maoni.

Ukimya wa Gitega una mizizi zaidi ya mmoja. Mzizi ulio karibu na sisi wasemaji wa Kiswahili ni lugha yenyewe. Katika Kirundi cha vilimani, neno "Umuswahili" halikuwa na maana ya mtu asemaye Kiswahili peke yake. Lilibeba pia sura ya mjanja wa mjini, mwenye maneno mengi na ahadi chache. Tusiwaonee wenyeji kwa hilo. Wajerumani walipoyahamishia Gitega makao yao ya utawala mwaka 1912, Kiswahili kilikuwa lugha ya askari wao na ya wachuuzi waliofuata nyuma yao, hivyo wazee wa vilimani walikisikia kwanza kinywani mwa mwenye bunduki, mtoza kodi na mwenye duka. Leo watoto hufundishwa Kiswahili shuleni, na Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007. Hata hivyo, mtu aliyevaa sare anayeanza mazungumzo kwa Kiswahili cha haraka na mzaha mwingi hubeba mzigo ambao si yeye aliyeufunga.

Mzizi mwingine ni adabu ya maneno. Burundi ilijengwa juu ya baraza la Abashingantahe, wazee waliotambuliwa kwa uadilifu, ambao waliamua kesi za mipaka ya mashamba, za ndoa na za mifugo. Mtu wa namna hiyo hakusifiwa kwa wingi wa maneno yake. Alisikiliza, akanyamaza, kisha akasema mara moja neno ambalo lingekumbukwa miaka kumi. Desturi hiyo imeshuka hadi kwa muuza viazi. Mama mmoja, mke wa askari polisi, aliyezaliwa Rumonge kule ziwani, alimwita muuzaji wake "shangazi" siku ya kwanza, akamtania juu ya bei, akacheka peke yake. Yule muuzaji alipima viazi, akaongeza kimoja juu, akapokea fedha kwa mikono miwili. Mama akarudi nyumbani akisema amedharauliwa. Hakukiangalia kile kiazi cha nyongeza.

Mama huyo huyo ndiye aliyenisimulia habari ya usiku ambao mtoto wake alishikwa na homa kali, mume akiwa lindoni. Jirani ambaye kwa miezi miwili hakuwa amevuka salamu alibisha hodi, kwa kuwa alisikia kilio. Alimbeba mtoto mgongoni hadi hospitali, akakaa hapo mpaka kulipokucha, akarudi kwake kukamua ng'ombe. Asubuhi iliyofuata alisema "Bwakeye" kama kawaida. Habari za namna hii ni nyingi, lakini haki inataka niseme pia kwamba nazijua familia zilizomaliza mwaka wa pili hapo bila kubishiwa hodi na mtu. Mke wa mtumishi mmoja alijifungua, na waliomtembelea walikuwa wageni wenzake watupu, kila mmoja na uji wake wa chupa. Alinieleza kwamba hakuchukiwa. Alikuwa hajulikani tu, kwa sababu yeye na mumewe waliondoka kila mara walipopata mafuta, na jirani hawezi kumjua mtu ambaye mlango wake una kufuli Jumamosi na Jumapili.

Jumamosi ndiyo siku yenyewe. Asubuhi yake watu hutoka kufanya kazi za pamoja, kuchimba mitaro, kusafisha njia, kubeba mawe ya shule. Mgeni anayetokea na jembe lake hupewa nafasi kwenye mstari bila maswali, na hapo ndipo hujua jina la mtu wa kushoto na la mtu wa kulia. Wazee wetu wa pwani walikwisha kusema kuhusu mgeni wa siku ya tatu na jembe. Huenda hawakuwa na Gitega akilini, lakini maneno yao yameifaa.

Barabara ya Muyinga

Kazi hunipeleka Muyinga mara kwa mara, kwa barabara ya lami iitwayo RN12. Ukitoka Gitega unashuka, unavuka mto Ruvubu, ambao maji yake huishia Kagera, Ziwa Viktoria na hatimaye Nile, kisha unapita Karuzi. Abiria huzungumza njiani, lakini kuna sehemu wanaponyamaza. Mwanzoni mwa mwaka 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua makaburi ya halaiki huko Karuzi, ikatangaza kwamba imepata mabaki ya watu zaidi ya 6,000, waliohusishwa na mauaji ya mwaka 1972. Na mgeni ajaye Gitega kwa njia ya Muramvya hupita Kibimba, ambapo pamejengwa ukumbusho wa wanafunzi waliouawa mwezi Oktoba 1993. Katika nchi iliyobeba hayo, lile swali la "kwenu hasa ni wapi, na baba yako ni nani?", ambalo Buyenzi ni sehemu ya salamu, huku laweza kuingia kama kisu mahali ambapo kidonda hakijafunga. Mwenye kunyamaza huenda anamlinda mgeni, na huenda anajilinda mwenyewe. Mke wa askari aliyefika jana hana njia ya kujua ni lipi, na yafaa asiulize.

Muyinga ni habari nyingine. Mji huu wa kaskazini-mashariki ulikuwa makao ya mkoa wenye jina hilo hadi mageuzi ya mwaka 2025 yalipopunguza mikoa ya Burundi kutoka 18 hadi 5. Sasa umo katika mkoa wa Buhumuza. Mpaka wa Tanzania hauko mbali. Malori hupita yakielekea Kobero, na ng'ambo ni Kabanga, wilaya ya Ngara. Waislamu ni wengi, na adhana husikika pamoja na kengele za kanisa. Wapo pia watu wazima ambao utoto wao uliishia katika kambi ya wakimbizi ya Lukole, huko huko Ngara, wakarudi nyumbani na Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. Mgeni akishuka kwenye gari huitwa "shemeji" kabla hajatia mguu chini. Dukani hukopeshwa siku ya kwanza. Mke wa sajini mmoja aliyehamishiwa huko kutoka Gitega aliniambia kwamba juma la kwanza alilia kwa furaha ya kusemeshwa.

Miezi sita baadaye alikuwa na maneno mengine. Rafiki zake watatu wa mwanzo walikuwa wameondoka, mmoja Kahama, mmoja Bujumbura, na wa tatu hakuna aliyejua alikokwenda. Bei hupanda na kushuka kwa habari za mpakani, na habari hizo huwa nusu yake ni uvumi. Halafu kulikuwa na jambo la kitenge. Mwanamke mmoja mchangamfu, aliyekuwa amezoea kuja kuketi naye jioni, alimletea kitenge kizuri na lita tano za mafuta ya kupikia, akakataa kulipwa. Juma lililofuata aliuliza, kwa sauti ile ile tamu, kama afande angekuwa zamu usiku wa Alhamisi, na upande gani. Mke yule alikikunja kitenge, akayafunika mafuta, akamrudishia vyote mbele ya jirani mwingine ili awepo shahidi. Hakumwambia mumewe mpaka alipokwisha kufanya hivyo. Kwa maoni yangu alifanya jambo ambalo halifundishwi katika chuo chochote cha polisi, na ambalo lingeweza kuokoa kazi ya mume na heshima ya watoto. Magendo huanza kuingia kwa mlango wa jikoni, na mwenye kulinda mlango huo hana cheo wala mshahara.

Sitaki msomaji afikiri kwamba uchangamfu wa Muyinga wote ni wa namna hiyo. Sehemu kubwa ni ukarimu wa kweli wa watu waliowahi kuwa wageni kwingine, wakajua ladha yake. Lakini askari na mkewe hawana budi kupima, kwa kuwa sare yao ina thamani mpakani ambayo haina Gitega. Nikiulizwa mimi, mtu wa Buyenzi, ni wapi ningependa kulea watoto wangu, nasema Gitega, pamoja na baridi yake. Mke wangu husema Muyinga. Hatujapatana.

Yule mama wa kitenge sasa mumewe amepewa uhamisho mwingine, na wanarudi Gitega mwishoni mwa muhula ili watoto wasikatishwe masomo. Alinipigia simu kuuliza abebe nini, maana mara ya kwanza walikuwa wamekaa huko miezi michache tu, wakati wa joto. Nilimtajia blanketi mbili za nyongeza, sweta za watoto na jiko la makaa lisilovuja moshi. Ndagala wakavu anunue wa kutosha, kwa kuwa ni zawadi inayopokelewa bila maneno. Jembe analo tayari.