Walimkaushia Freddie Mercury alipoimba kivyake, kisha wakazicheza ngoma hizo hizo

Kama ulimjua Freddie Mercury kupitia filamu ya Bohemian Rhapsody iliyotoka 2018, basi unaikumbuka ile sehemu anawaambia wenzake wa Queen kwamba amesaini dili ya kutoa albamu zake mwenyewe. Jamaa wanamwangalia kama mtu aliyeuza shamba la familia usiku. Anapotelea Munich kwenye pati, baadaye anarudi mpole kuomba msamaha, na Live Aid inawapatanisha. Wewe hapo machozi yashatoka.

Stori tamu, ila haikuwa hivyo. Queen hawakuvunjika. Walitoa The Works 1984, wakazunguka nayo duniani hadi Mei 1985, na Live Aid ikafuata Julai 13 mwaka huo huo. Tena Freddie hakuwa wa kwanza kutoka kivyake. Mpiga dramu wao, Roger Taylor, alikuwa na albamu yake mwenyewe tangu 1981, na mpiga gitaa Brian May akatoa kazi yake 1983. Hao hakuna aliyewaita wasaliti. Lakini kwa sauti kubwa ya bendi, mashabiki hukuwa na wivu kama wa mchumba.

Albamu yenyewe iliitwa Mr. Bad Guy na ilitoka Aprili 1985. Aliitolea wakfu kwa paka wake (si utani, iko kwenye jalada). Uingereza ilifika nafasi ya 6, si mbaya. Marekani iliishia nafasi ya 159. Huyu ni mtu ambaye bendi yake ilikuwa imekaa juu kabisa ya chati za huko mwaka wa 1980, bana. 159!

Sasa waza hii. Pale Wembley, Julai 13, watu kama 72,000 walikuwa wanarudisha kila sauti anayotoa, hadi leo kuna wanaosema hakuna shoo iliyowahi kuifikia ile. Septemba, hata miezi miwili haijaisha, Freddie akaachia wimbo wake Living on My Own. Ukakwama nafasi ya 50 kwao Uingereza. Koo ni lile lile lililotikisa uwanja, ila sasa halina wale watatu nyuma yake, na wengi wa waliokuwa wakipiga makofi hawakufika dukani.

Kilichowaudhi kilikuwa mdundo. Freddie alikuwa anaishi Munich muda mwingi, anarekodi na kuzama klabu, na klabu ikaingia kwenye muziki wake. Queen wenyewe walikuwa wameonja disko kwenye Hot Space, 1982, na wapenzi wa magitaa wakanuna. Marekani hiyo chuki ilikuwa nzito zaidi. Julai 12, 1979, huko Chicago, rekodi za disko zilirundikwa na kulipuliwa katikati ya uwanja wa besiboli wa Comiskey Park, mashabiki wa roki wakavamia uwanja, na mechi ya pili ya siku hiyo haikuchezwa. Disko ilikuwa imekulia kwenye klabu za watu weusi, Walatino na wapenzi wa jinsia moja, kwa hiyo usiniambie hasira yote ile ilikuwa ya mdundo peke yake.

Lakini tusiwaonee mashabiki wote. Mr. Bad Guy si dhahabu tupu. Kuna ngoma kama tatu hivi mimi huziruka, vinanda vya umeme vimejaa hadi unatafuta pa kupumulia. Queen ilikuwa na watunzi wanne wanaozozana, kila mmoja na hiti zake, na kwenye albamu hii unasikia mtu ambaye hakuna wa kumwambia "hapana, hiyo toa". Wengine wataita hilo uhuru. Pengine ni vyote viwili.

Akaenda mbali zaidi. Mwaka wa 1987 aliimba Barcelona na Montserrat Caballé, malkia wa opera kutoka mji huo huo. Fikiria staa wa roki akisimama na mama wa opera, bila kejeli, wote wawili wanamaanisha. Wimbo ulifika nafasi ya 8 Uingereza. Freddie alifariki Novemba 24, 1991. Mwaka uliofuata Olimpiki zikafanyika Barcelona, wimbo ukatolewa tena, ukapanda hadi nafasi ya 2.

Na hapa ndipo nataka uskize vizuri. Mwaka wa 1993 maprodyuza wa Ubelgiji, No More Brothers, waliuchukua ule Living on My Own uliokwama nafasi ya 50, wakauongezea mdundo wa klabu. Yaani disko zaidi, si kidogo! Ukashika nambari moja Uingereza. Freddie hakuwahi kupata nambari moja ya kwake peke yake akiwa hai.

Kisha 1995, wenzake wa Queen walichukua nyimbo mbili za Mr. Bad Guy, wakaweka magitaa na dramu zao chini ya sauti yake, wakazitia kwenye albamu ya Made in Heaven. Nayo ikawa nambari moja. Ukipata muda leo, skiza I Was Born to Love You ya 1985 halafu hiyo ya Queen. Utajua haraka uko upande gani. Mimi nabaki na ile ya 1985, na najua nitatukanwa.

Kijana huyu aliyezaliwa Farrokh Bulsara, Mji Mkongwe, Zanzibar, 1946, ana wimbo mwingine ambao wengi waliupita. Mwaka wa 1986 aliimba Time, kwa ajili ya tamthilia ya muziki ya London, ukaishia nafasi ya 32. Mwaka wa 2019 prodyuza wake, Dave Clark, aliutoa upya kwa jina Time Waits for No One, ukiwa na piano na sauti peke yake. Hakuna bendi, hakuna kwaya, hakuna klabu. Anza na huo, na uvae visikizio.