Risasi za Kipenyo cha .22 Zisichongwe kwa Ajili ya Kuua Wanyama Waharibifu

Katika nchi nyingi, bunduki ndogo zenye kipenyo cha .22, sawa na takriban milimita 5.6, hutumika kudhibiti wanyama waharibifu wadogo kama panya na sungura. Baadhi ya watumiaji huchonga au kutoboa ncha ya risasi wakiamini kuwa itaua haraka zaidi. Imani hiyo ina madhara ambayo kila mmiliki wa silaha anapaswa kuyafahamu.

Risasi aina ya .22 LR, iliyobuniwa nchini Marekani mwaka 1887, ina tofauti moja ya msingi na risasi kubwa. Kemikali inayowasha baruti haiko katikati ya kitako, bali imesambazwa ndani ya ukingo mwembamba wa ganda. Bunduki hufyatuka pale ukingo huo unapogongwa. Kwa sababu hiyo, kuibana risasi kwa koleo, kuigonga au kuipasha moto kunaweza kuilipua mikononi mwa mtu, na vipande vya ganda vikamjeruhi machoni au usoni.

Hasara ya pili ni kupotea kwa shabaha. Kichwa cha risasi hiyo mara nyingi kina uzito wa gramu 2.6 hivi, na mtutu hukizungusha ili kiende sawasawa. Kikichongwa kwa mkono, uzito wake huelemea upande mmoja na hivyo huyumba hewani. Matokeo yake ni mnyama kujeruhiwa bila kufa, au risasi kwenda kusikokusudiwa. Ikumbukwe kuwa risasi hii ndogo inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 1, na hudunda inapogonga jiwe, ardhi ngumu au maji.

Viwanda hutengeneza risasi zenye tundu nchani, ambazo hutanuka zinapompata mnyama. Hizo hupimwa kabla ya kuuzwa. Za kuchongwa nyumbani hazipimwi na yeyote.

Nchini Tanzania, umiliki wa silaha na risasi husimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, inayomtaka mmiliki awe na leseni. Aidha, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inalinda wanyamapori, hivyo mkulima anayesumbuliwa na ngedere au tumbili anapaswa kutoa taarifa kwa Ofisa Wanyamapori wa wilaya yake.

Kwa waharibifu walio wengi, bunduki si suluhisho. Ndege mmoja aina ya kweleakwelea hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la ndege milioni 1 humaliza tani 10. Makundi hayo hudhibitiwa chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), na mkulima anapoyaona amjulishe Ofisa Ugani mapema. Panya shamba naye huzaa watoto wengi kwa mkupuo mmoja, hivyo kufyeka vichaka kandokando ya shamba, kutega mitego kwa pamoja kijijini na kuhifadhi nafaka katika vihenge visivyopenyeka huleta nafuu ya kudumu.

Mwananchi mwenye risasi zilizochongwa, zilizopondeka au zilizogoma kulipuka asijaribu kuzifungua wala kuzichoma, bali atoe taarifa katika kituo cha polisi kilicho karibu ili apewe maelekezo.