Sangala wa Tanganyika na Magugu ya Ufukweni

Msomaji aliyezoea kumsikia sangara wa Ziwa Victoria akilaumiwa kwa kuwahilikisha samaki wenyeji, tangu alipopandikizwa huko katika miaka ya 1950, huenda akastaajabu akiambiwa kwamba jamaa zake wa Ziwa Tanganyika, ambao wavuvi wa Rumonge na pwani yote ya Burundi huwaita sangala, si wageni wala si wadhalimu, bali ni wenyeji wasiopatikana penginepo duniani, nao ndio wanaohiliki. Nasaba hiyo ina aina nne: mukeke, aliye mdogo kuliko wote, na wakubwa watatu, na miongoni mwa hao, Lates angustifrons, awezaye kufikia urefu wa mita 2 na uzito wa kilo 100, pamoja na Lates microlepis, wametiwa na shirika la IUCN katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Samaki hawa wakiwa wakubwa huwinda ndagala, yaani dagaa wa ziwa hilo, katika maji makuu, lakini wakiwa wachanga hujificha kwenye magugu ya kandokando, wasije wakaliwa. Hapo hapo ndipo kokoro livutwalo kutoka nchi kavu, na pengine chandarua kilichokusudiwa mbu, hukomba makinda pamoja na magugu yao; na hapo ndipo mito kama Dama na Murembwe humwaga udongo ulioporomoka milimani wakati wa mvua. Fauka ya hayo, meli za Bujumbura zenye nyavu za kuzungushia ziliwavua wazazi kwa miongo kadhaa tangu miaka ya 1950.

Ziwa lenyewe, ijapokuwa kina chake ni mita 1,470, lina oksijeni katika tabaka la juu tu, lisilozidi sana mita 200. Na kadiri uso wa maji unavyopata joto, ndivyo upepo wa kusi unavyoshindwa kuipandisha rutuba iliyo chini, chakula cha ndagala kikapungua, na njaa ikamfikia sangala.

Mwaka 2003 Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia zilitia sahihi mkataba wa kulihifadhi ziwa, na mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi ziwani humo kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Hatua hizo ni za hikima. Walakini miezi mitatu haimtoshi samaki akuaye kwa miaka. Yapasa magugu ya ufukweni yawe haramu kwa kokoro mwaka mzima, na kila mvuvi awe mlinzi wa kwanza wa magugu hayo.