Mapishi ya Kiacholi nyumbani: anza na odii

Waacholi wanaishi kaskazini mwa Uganda, katika wilaya kama Gulu, Kitgum na Pader, na wengine wako Sudan Kusini. Mboga zao nyingi hazikaangwi kwa mafuta ya dukani. Huchemshwa, kisha zikaungwa kwa odii, yaani ufuta (simsim) na karanga zilizokaangwa na kusagwa hadi zikawa laini. Ukiijua odii, jiko la Kiacholi limekufungukia. Hapa tunaeleza namna ya kuitengeneza, pamoja na mboga mbili za kuanzia.

Kwa nini wengine wanajifunza ukubwani

Mapishi haya hufundishwa kwa mikono, mtoto akiwa karibu na mama au bibi yake jikoni. Lakini vita vya kundi la LRA viliwaweka watu zaidi ya milioni 1 wa kaskazini mwa Uganda kwenye kambi kwa miaka mingi, hadi hali ilipotulia baada ya mwaka 2006. Kambini chakula kikubwa kilikuwa mahindi na maharage ya msaada. Bila shamba hakuna ufuta, na bila ufuta hakuna odii. Msichana aliyekulia huko hakukosa akili ya kupika. Alikosa cha kupikia. Leo baadhi yao ni wazazi, nao wanajifunza pamoja na watoto wao.

Kutengeneza odii

Chukua vikombe viwili vya ufuta na kimoja cha karanga. Kwanza chambua karanga. Zilizokunjamana, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupe, maana zinaweza kuwa na sumukuvu, na sumu hiyo haiishi kwa kukaangwa. Ufuta upepete vizuri, kwa sababu mchanga kidogo tu utaharibu mboga yote.

Kaanga kila kimoja peke yake, kwenye chombo kikavu, kwa moto mdogo, huku ukikoroga. Ufuta ukianza kurukaruka na kunukia, epua. Ukiungua, odii itakuwa chungu. Menya karanga maganda ya ndani, twanga vyote kwenye kinu, kisha saga kwenye jiwe mpaka mafuta yajitokeze yenyewe. Usitie maji, maana yataifanya iharibike haraka. Iweke kwenye chombo kikavu chenye kifuniko, na uchote kwa kijiko kikavu.

Boo: majani ya kunde

Chuma majani machanga ya kunde, yaoshe na uyachemshe kwa maji yaliyotiwa chumvi ya majivu kidogo. Chumvi hiyo hupatikana kwa kuweka majivu ya mabua au maganda makavu ya maharage kwenye chombo chenye matundu madogo, ukamimina maji juu na kukinga yanayodondoka chini. Kazi yake ni kulainisha majani upesi na kuyaacha ya kijani. Magadi hufanya kazi hiyohiyo. Tia kidogo tu: ikizidi, mboga huwa na ladha mbaya na hupoteza vitamini. Usitumie majivu ya mbao zilizopakwa rangi wala ya takataka zenye plastiki.

Majani yakilainika, chukua vijiko vitatu au vinne vya odii, ivuruge kwa mchuzi wa mboga hiyo hadi iwe nyepesi, kisha mimina. Hapa ndipo wanaojifunza hukosea: moto ukiwa mkali, mafuta hujitenga na mboga hukatika. Punguza moto, koroga taratibu kwa dakika chache, epua.

Malakwang: mboga chachu

Malakwang ni majani machachu ya mmea wa jamii ya choya (rozela). Yachemshe kwa maji mengi, yaonje, kisha mwaga maji ili kupunguza ukali. Usiyamwage mara nyingi, kwa sababu uchachu wenyewe ndio ladha yake, na vitamini huondoka na maji. Kamua, ponda, tia chumvi na uunge kwa odii nyingi kuliko ya boo. Malakwang huliwa sana na viazi vitamu, na utamu wa kiazi hutuliza uchachu wa mboga.

Boo huenda vizuri na kwon kal, ugali wa ulezi ambao mara nyingi huchanganywa na unga wa muhogo au mtama. Wasikilizaji wetu Wajaluo wa Kenya watalitambua neno hilo, kwani nao ugali huuita kuon. Lugha hizi mbili ni ndugu.

Debe moja libaki nyumbani

Ufuta ni zao la biashara. Wakati wa mavuno mnunuzi hufika mlangoni na pesa mkononi, na ni rahisi kuuza wote. Miezi michache baadaye familia hununua mafuta ya kupikia kwa pesa ileile. Ushauri wetu: kabla ya kuuza, tenga debe moja la kula na kiasi cha mbegu. Na kama nyumbani yupo mzee anayejua kusaga odii, mwombe asage watoto wakiwa karibu, na kila mmoja apewe zamu yake kwenye jiwe. Simu yako inaweza kurekodi maelezo, lakini laini ya odii hujulikana kwa vidole.